Je, mboga na matunda ya kugandishwa ni makapi?

SWALI: "Nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu na sasa nina ujauzito wa miezi minne. Natoka kazini jioni, sokoni nafika mara moja tu kwa wiki. Ninaponunua mboga za wiki nzima, katikati ya wiki nusu zimenyauka au zimeoza, nazitupa. Kwa hiyo nimeanza kununua mboga na matunda ya kugandishwa. Mama mkwe, ambaye analima bustani yake mwenyewe, anasema nawalisha watu makapi: vitamini zimekufa na kilichobaki ni dawa ya kuhifadhia. Mimi mwenyewe naona mboga zikiiva zinakuwa maji maji, hilo linanitia shaka. Umeme kwetu hukatika. Pakiti zikilegea nazirudisha kwenye friza. Matunda nayasaga yakiwa bado barafu, nakunywa na mwanangu. Je, nakosea? Na mboga za bustani zinazobaki, naweza kuzigandisha mwenyewe?"

JIBU: Dada yangu, hongera kwa ujauzito, na pole kwa maneno ya nyumbani. Umeuliza mambo mengi kwa pamoja: kama vitamini zipo, kama kuna dawa, kama friza inayozimika inaaminika. Lipo na lingine ambalo umelitaja kwa kupita tu, nalo ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu: hayo matunda unayoyasaga na kuyanywa bila kupika ukiwa mjamzito. Hilo nitalifikia. Acha nianze na mama mkwe, maana naona ndiye anayekukosesha raha mezani.

Kwenye suala la dawa, hapana. Kinachohifadhi chakula ndani ya friza ni baridi yenyewe. Vijidudu vinavyoozesha chakula vinataka joto kiasi, na vinataka maji yaliyo maji. Chakula kikifika nyuzi 18 chini ya sifuri, sehemu kubwa ya maji yake imekuwa barafu, vijidudu vinakosa pa kuogelea na pa kula, vinakaa tu bila kuzaliana. Mwenye kiwanda hana haja ya kutia kihifadhi kwenye kitu ambacho hakiwezi kuoza. Chukua pakiti ya njegere au ya brokoli, igeuze, usome viambato. Mara nyingi utakuta neno moja: njegere. Msomee mama mkwe, kwa adabu zako zote.

Ila ukikuta orodha ndefu yenye chumvi, siagi, wanga, jibini na majina ya kukata ulimi, ujue umeshika bidhaa nyingine kabisa. Hicho ni chakula kilichoungwa tayari kikagandishwa, na chumvi yake ihesabu kama unavyohesabu chumvi ya chakula chochote cha kununua. Kwenye matunda angalia sukari iliyoongezwa. Ukiona asidi ya askobiki usishtuke, hiyo ni vitamini C tu. Huwekwa ili tunda lililokatwa lisigeuke kahawia.

Sasa vitamini, na hapa nataka uelewe sababu ili usitegemee neno langu dhidi ya neno la mama mkwe.

Jani likichumwa halifi pale pale. Linaendelea kupumua, linatumia sukari yake, linapoteza maji, na ndani yake vimeng'enya, yaani protini zake zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, vinaendelea na kazi ya kuvunja vunja. Vitamini C ni ya kwanza kuondoka, kwa sababu haivumilii hewa, joto wala muda. Foleti, ambayo ni vitamini ya kundi B, nayo hupungua. Mboga za majani laini kama spinachi ndizo zinazopoteza haraka kuliko zote, na zikikaa kwenye joto la kawaida la chumba hupoteza haraka zaidi kuliko zikiwa kwenye friji. Njegere ikikaa, sukari yake hugeuka wanga. Ndiyo maana njegere ya jana si tamu kama ya leo. Kwa hiyo tunapoiita mboga ya sokoni "mbichi" tunasema tu kwamba haijapikwa wala kugandishwa. Imechumwa lini, imelala wapi, imesafirishwa na joto gani, hayo neno hilo halisemi. Mboga unayoinunua siku moja na kuila baada ya siku nne inaweza kuwa na wiki nzima au zaidi tangu itoke shambani.

Mboga ya kiwandani huchumwa ikiwa imekomaa vizuri, na viwanda vingi hujengwa karibu na mashamba ili igandishwe ndani ya saa chache. Kabla ya hapo hupitishwa kwenye maji yanayochemka au mvuke kwa dakika moja mpaka chache, kisha hupozwa mara moja. Watu wengi hawajui hatua hii, nayo ndiyo ufunguo wa jambo lote. Baridi haiviui vimeng'enya, inavipunguza mwendo tu. Ukigandisha mboga za majani mbichi kabisa, ukazitoa baada ya miezi mitatu, utakuta zimefifia rangi na zina harufu kama ya nyasi kavu. Vimeng'enya vilikuwa kazini humo humo ndani ya friza, polepole. Maji ya moto ndiyo yanayovimaliza.

Maji hayo hayo ya moto ndiyo yanayochukua sehemu ya vitamini. Vitamini C, foleti na vitamini B1 huyeyuka kwenye maji na huharibiwa na joto, kwa hiyo kiasi fulani hupotea hapo, na mama mkwe ana haki ya kulisema hilo. Anachokosea ni hesabu. Mboga ya kugandishwa hupoteza mara moja, mwanzoni, halafu kinachobaki hukaa karibu kilivyo kwa miezi, mradi baridi isivunjike. Mboga iliyo kwenye kapu au friji haipitii hasara hiyo ya mwanzo, ila inapoteza kila siku inayopita. Baada ya siku kadhaa zile mbili hukutana njiani, kisha ile ya kugandishwa inatangulia.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitoa mwaka 2015 ulinganisho wa mazao manane: mahindi, karoti, brokoli, spinachi, njegere, maharagwe ya kijani, stroberi na bluberi, yakiwa kwenye friji na yakiwa yamegandishwa. Vitamini C katika mengi haikutofautiana, na katika machache ilikuwa nyingi zaidi upande wa friza. Beta-karotini, ile ambayo mwili hugeuza kuwa vitamini A, ilipungua katika baadhi ya mazao yaliyogandishwa, hasa njegere, karoti na spinachi. Nakutajia na hili la pili kwa sababu wauzaji hawalitaji. Hata hivyo karoti iliyopungua beta-karotini kidogo bado ni chanzo kizuri sana cha beta-karotini, na karoti iliyotupwa jalalani haina faida kwa mtu yeyote. Madini na nyuzinyuzi, zile zinazokusaidia na choo kigumu cha ujauzito, hazisumbuliwi na baridi.

Kwa hiyo ukinilazimisha nipange: mboga iliyochumwa asubuhi kwenye bustani ya mama mkwe na kuliwa mchana haina mpinzani, si friza wala duka. Inafuata ile ya kugandishwa iliyotunzwa vizuri, sambamba na ya sokoni ya siku moja mbili. Ya mwisho kabisa ni ile "mbichi" iliyokaa nyumbani mpaka ikalegea. Mama mkwe anafananisha pakiti yako na bustani yake. Wewe unachagua kati ya pakiti na mboga zilizonyauka za katikati ya wiki. Mnabishana juu ya vitu viwili tofauti, na nadhani mkilijua hilo nusu ya ugomvi itaisha.

Twende kwenye maji maji, maana hapo shaka yako ina msingi. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Ndiyo sababu chupa iliyojazwa hadi kizibo hupasuka ikiachwa kwenye friza. Mboga na tunda ni maelfu ya vyumba vidogo vilivyojaa maji, na kuta zake ni nyembamba. Kikigandishwa haraka sana, fuwele za barafu huwa ndogo na nyingi, kuta nyingi zinasalimika. Kikigandishwa polepole, fuwele hupata muda wa kukua, zinachana kuta, na siku ya kuyeyuka maji yote yanamwagika nje. Mmarekani Clarence Birdseye aliliona hilo alipoishi Labrador, huko kaskazini-mashariki mwa Kanada, kuanzia mwaka 1912. Samaki waliovuliwa na wenyeji Wainuit katika upepo wa baridi kali waliganda papo hapo, na walipoyeyushwa miezi baadaye walikuwa kama wapya. Alitengeneza mitambo ya kugandisha kwa kasi, na mwaka 1930 vyakula vyake vikaanza kuuzwa rejareja Springfield, Massachusetts. Siku hizi viwanda hupuliza hewa ya nyuzi 30 hadi 40 chini ya sifuri juu ya vipande vikiwa vimetawanyika, kila kipande kikaganda peke yake.

Kumbe pakiti ikitoka kiwandani imeganda vizuri, nani anayeiharibu? Mara nyingi ni sisi, kwa njia mbili. Ya kwanza ni hiyo ya kulegea na kuganda tena: kila inapoganda upya kwenye friza ya nyumbani inaganda polepole, fuwele kubwa zinajijenga, kuta zinachanika zaidi. Ya pili ni upishi. Mboga hizi zimeshapitia maji ya moto, kwa hiyo zimeiva nusu. Ukiziyeyusha kwanza kwenye bakuli, kisha ukaziweka kwenye sufuria yenye maji, ukafunika, ukaziacha kwa muda ule ule wa mboga mbichi, zitakuwa uji. Zitoe kwenye friza moja kwa moja hadi kwenye sufuria au kikaango kilichopata moto sawasawa, chenye mafuta kidogo. Usitie maji, barafu yake inatosha. Usijaze kikaango, maana ukijaza baridi inashusha moto na mboga zinajichemsha zenyewe. Usifunike, mvuke utoke. Zikishachemka na kupata moto hadi katikati, epua. Kwenye supu na mchuzi zitie mwishoni. Na usizitegemee kwa kachumbari. Kwa kinachotakiwa kukatika mdomoni kikiwa kibichi, nunua kibichi.

Sasa friza yako, na umeme.

Kwanza hakikisha unayo friza kweli. Kile chumba kidogo cha barafu ndani ya friji nyingi si friza kamili. Angalia mlangoni au kwenye kibandiko kama kuna alama za nyota. Nyota moja maana yake kinafika nyuzi 6 chini ya sifuri, hapo weka vitu vya wiki moja tu. Nyota mbili ni nyuzi 12, mwezi mmoja hivi. Nyota tatu ni nyuzi 18 chini ya sifuri, na hapo ndipo tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti inapokuwa na maana. Kipimajoto kidogo cha friza ni kitu cha bei ndogo na huondoa ubishi. Kwenye nyuzi 18, mboga na matunda mengi hubaki na ubora wake miezi 8 hadi 12. Baada ya hapo hayageuki sumu, yanapoteza tu ladha na rangi. Yale mabaka meupe makavu unayoyaona kwenye vipande ni barafu iliyogeuka mvuke bila kupita kwenye maji, ikaacha nyama ya tunda imekauka. Yanachukiza mdomoni lakini hayadhuru. Dawa yake ni kutoa hewa yote ndani ya mfuko kabla ya kufunga.

Umeme ukikatika, jambo la kwanza ni kutofungua mlango. Friza iliyojaa, ikibaki imefungwa, huhifadhi baridi kwa takriban saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Ndiyo maana nakushauri nafasi zilizo wazi uzijaze chupa za maji, usizijaze hadi juu, zigande ziwe akiba ya baridi. Kisha gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, ukiache humo siku zote. Ukirudi kazini ukakuta sarafu bado iko juu, umeme haukukatika kwa muda wa kuleta shida. Ukiikuta imezama katikati au chini ya kikombe, barafu iliyeyuka yote au nusu yake ukiwa haupo, ikaganda tena, na kwa kuangalia pakiti peke yake usingejua.

Je, kurudisha pakiti iliyolegea ni kosa? Inategemea imelegea kiasi gani. Ikiwa ndani bado kuna chembe za barafu, au imebaki baridi kama kitu kilichotoka kwenye friji, yaani nyuzi 4 au chini, unaweza kuirudisha bila hofu ya kiafya. Itakuwa laini zaidi, basi itumie kwenye supu. Ikiwa imeyeyuka kabisa ikakaa juu ya nyuzi 4 kwa zaidi ya saa mbili, itupe. Najua inauma kutupa, ila usiinuse ili kuamua. Vijidudu vinavyowafanya watu waugue mara nyingi havitoi harufu, na kuganda tena hakuviui, kunavilaza tu mpaka siku utakayoiyeyusha. Kama unataka kuokoa pakiti inayoanza kulegea ukiwa nyumbani, ipike siku hiyo hiyo ikiwa bado baridi.

Dukani nako, shika pakiti kwa mkono. Vipande vya njegere, mahindi au beri vinatakiwa vicheze ndani. Ukikuta vimeshikana kuwa jiwe moja, au barafu nyingi imejikusanya ndani ya plastiki, pakiti hiyo iliwahi kuyeyuka kabla haijakufikia. Iache. Chukua vya kugandishwa mwisho kabla ya kulipa, vipange pamoja vibaridishane, na ukifika nyumbani viingie kwenye friza kabla hujavua viatu.

Sasa lile nililosema nitalifikia.

Friza haisafishi chakula. Kilichoingia na bakteria au virusi kitatoka navyo. Kati ya mwaka 2015 na 2018 nchi tano za Ulaya zilikuwa na wagonjwa waliopatwa na bakteria aitwaye Listeria, na uchunguzi ulifika kwenye mahindi na mboga nyingine za kugandishwa. Wagonjwa 47 walihesabiwa, 9 kati yao walifariki. Mwaka 2012 nchini Ujerumani watu wapatao 11,000, wengi wao wanafunzi, waliharisha na kutapika kwa sababu ya norovirusi kwenye stroberi za kugandishwa. Beri za kugandishwa zimewahi pia kueneza homa ya ini aina ya A. Ukilinganisha na wingi wa watu wanaokula vyakula hivi kila siku, matukio haya ni machache, na mboga mbichi zina matukio yake pia. Mtu mzima mwenye afya nisingemtisha. Lakini wewe una mimba ya miezi minne.

Listeria ana tabia mbili mbaya: hafi kwenye friza, na tofauti na bakteria wengi, anaendelea kuzaliana kwenye baridi ya friji. Wajawazito humpata kwa urahisi kuliko watu wengine. Mama mwenyewe anaweza kuona homa kidogo tu na maumivu ya misuli, huku mtoto tumboni akipata madhara makubwa, hata mimba kuharibika. Habari njema ni kwamba hana ubishi na moto. Mboga zote za kugandishwa, hata zile laini kama mahindi na njegere ambazo watu huzimwaga kwenye saladi, zipike mpaka zitoe mvuke hadi katikati. Soma maelezo ya kupika kwenye pakiti na uyafuate. Zile dakika ziliwekwa kwa sababu ya usalama pia. Usiyeyushe mboga ukaziacha kwenye friji siku mbili tatu ukichota kidogo kidogo.

Na yale matunda ya kusaga? Mpaka ujifungue, ningekushauri beri za kugandishwa uzichemshe kwanza. Zitie kwenye sufuria ndogo, zichemke kabisa dakika moja au mbili, zipoe, kisha saga. Utapoteza vitamini C kidogo, na nakuambia waziwazi kwamba ni biashara nzuri. Matunda yenye ganda kama ndizi na embe ni rahisi zaidi: nunua mabichi, osha ganda kwa maji yanayotiririka, nawa mikono, menya, kata, gandisha mwenyewe, saga. Hapo unajua kisu na mikono iliyoyagusa. Kama umekuwa ukinywa hivyo miezi yote hii na uko mzima, usikeshe ukihesabu. Uwezekano wa kuwa umepata kitu ni mdogo sana. Badilisha kuanzia leo.

Mwanao naye mpikie mboga zake, na beri mchemshie kama zako. Kwake kuna hatari nyingine ambayo wazazi huisahau, nayo ni kupaliwa. Usimpe kipande cha tunda kigumu kwa barafu akimung'unye kwa sababu anaota meno. Zabibu na beri nzima, mahindi magumu, vipande vya karoti visivyoiva, vyote vikate au uviponde kwanza.

Sasa bustani ya mama mkwe, na hapa ndipo naona mnaweza kufanya kazi pamoja. Ndiyo, unaweza kugandisha mwenyewe, na mboga iliyochumwa asubuhi hiyo ndiyo bora ya kugandisha. Chemsha maji mengi kwenye sufuria kubwa. Osha mboga, kata, zitumbukize kidogo kidogo, na anza kuhesabu dakika maji yakirudi kuchemka: mboga za majani dakika 2, vipande vya karoti dakika 2, maharagwe ya kijani na brokoli dakika 3. Usifupishe kwa kudhani unaokoa vitamini. Moto usiotosha huviamsha vimeng'enya badala ya kuvimaliza, na matokeo yake ni mabaya kuliko ya kutotumbukiza kabisa. Zitoe, zitie kwenye maji ya barafu kwa muda kama ule ule, zichuje, zikaushe kwa kitambaa safi. Zitandaze kwenye trei, zisilundikane, zigande, kisha ndipo uziweke kwenye mifuko ya mlo mmoja mmoja, ukandamize hewa itoke, uandike tarehe. Majani unaweza kuyakamua ukayafinyanga madonge.

Usiingize kapu zima kwa mkupuo. Friza ya nyumbani hubeba kama kilo moja ya kitu kipya kwa kila lita 30 za nafasi yake kwa siku. Ukizidisha, vyote vinaganda polepole na tumeshaona fuwele kubwa zinafanya nini. Pilipili hoho na vitunguu havihitaji maji ya moto, kata ugandishe. Matunda pia hayachemshwi kabla ya kugandishwa. Yanayogeuka kahawia kama tofaa yanyunyizie maji ya limau. Nyanya nzima inakubali, na ikiyeyuka ganda linatoka lenyewe, ila itakuwa ya mchuzi tu. Matango, letusi, tikiti maji na viazi vibichi usijisumbue navyo.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na za kugandishwa zinahesabika. Kwa mtu anayerudi jioni amechoka, pakiti iliyokwisha kuoshwa na kukatwa ndiyo mara nyingi inayoleta mboga mezani siku ya katikati ya wiki. Sikushauri uhamie friza kabisa. Nunua mbichi utakazokula siku mbili tatu za kwanza, chukua za bustani kila zinapopatikana, na friza ibebe siku zilizobaki.

Yapo mambo ambayo maandishi haya hayawezi kuyatosheleza. Vidonge vya foleti na madini ya chuma ulivyopewa kliniki usiviache kwa kuwa unakula majani mengi. Chakula, kiwe cha bustani au cha friza, hakichukui nafasi yake. Kama una kisukari cha mimba, ugonjwa wa figo, au unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarin, zungumza na mtaalamu wa lishe ana kwa ana kabla ya kuongeza ghafla juisi nzito za matunda au mboga za majani, kwa sababu sukari, potasiamu na vitamini K zake zinaweza kuhitaji kupimwa. Na ukipata homa, maumivu ya misuli yasiyo na sababu, au kuharisha pamoja na homa, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, useme una mimba na utaje ulichokula, hata cha wiki kadhaa zilizopita, kwa kuwa Listeria huweza kuchelewa kujitokeza. Mtoto akiacha kucheza tumboni baada ya kuwa umeshamzoea, ukiona damu, au macho yakigeuka manjano, usisubiri asubuhi. Na mwanao akiharisha damu, au akitapika kila anachokunywa na akikaa muda mrefu bila kukojoa, mpeleke, hata kama ni usiku.